Mafuta ya 20 Bob na Ile 29 Usiyoiona

Wiki mbili zilizopita tulitoka ofisini na mizani ndogo ya jikoni, kikombe cha kupimia na daftari. Siku ya kwanza tukaenda Kibera, tukaanzia Toi Market, tukapita Makina hadi Olympic. Siku ya pili tukapanda matatu ya 46 hadi Kawangware. Sababu ya safari ilikuwa swali ambalo wateja wetu hutuuliza kila mara: "Mbona pesa inaisha na hakuna kitu kikubwa nimenunua?"

Ni swali zuri, na wengi hujibiwa vibaya. Wanaambiwa wapunguze matumizi, kana kwamba mtu anayenunua sukari robo ana matumizi ya kupunguza. Sisi tulitaka kuona bei zenyewe zinavyofanya kazi, halafu tupige hesabu.

Bei hufuata sarafu

Ukitembea madukani mtaani utagundua jambo moja haraka. Bei karibu zote ni 5, 10, 20 au 50. Supermarket wanapenda 99 na 199, kwa sababu jicho husoma tarakimu ya kwanza na kuisahau iliyobaki. Mtaani hiyo haina kazi, maana hakuna mtu ana shilingi moja ya kukurudishia. Bei ya mtaani hufuata sarafu iliyo mfukoni mwako.

Sasa fikiria andazi. Linauzwa 10. Unga ukipanda, muuzaji hawezi kuliuza 11.50. Anafanya nini? Mama mmoja tuliyekunywa kwake chai karibu na Olympic alituambia bila kuficha: "Nikiongeza tano, wateja wataenda pale ng'ambo. Nikipunguza unga kidogo, hakuna mtu anaona." Hatumlaumu. Yeye naye amebanwa na sarafu hiyo hiyo. Lakini hata viwanda vikubwa hufanya vivyo hivyo: pakiti inabaki 20 mwaka nenda mwaka rudi, na gramu zinapungua ndani. Bei huandikwa kwa herufi kubwa mbele, gramu kwa herufi ndogo nyuma karibu na mshono. Kwa hivyo ukisikia "bei ni ile ile", uliza kama kipimo pia ni kile kile.

Mambo haya hayakuanza hapa. Mwaka 2004 profesa C.K. Prahalad wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa kitabu kuhusu biashara na watu wa kipato cha chini, na mojawapo ya mifano yake ilikuwa shampoo ya India inayouzwa kwa vipakiti vya kutumia mara moja. Tulikisoma chuoni na kukishangilia. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa kipato kidogo ni mteja kamili, anahitaji tu kipimo anachoweza kulipia leo. Hapa kwetu jambo hilo lina jina tayari: kadogo.

Kadogo ni ghali? Tulipima

Kila mtu husema kununua kidogo kidogo ni hasara. Tulitoa mizani.

Mafuta ya kupima ya 20 bob, katika duka tulilonunua, yalikuwa mililita 50. Ina maana lita moja ni 400. Chupa ya lita moja kwenye duka hilo hilo ilikuwa 330. Sukari robo ilikuwa 50, kumaanisha kilo ni 200, na kilo nzima iliuzwa 180. Hapo wanaosema wako sawa: kadogo ni ghali.

Lakini sabuni ya unga ilitushangaza. Pakiti ya 20 bob ilikuwa gramu 50, yaani 400 kwa kilo. Pakiti kubwa ya gramu 500 ilikuwa 210, yaani 420 kwa kilo. Kubwa ndiyo ilikuwa ghali! Hata ile shampoo ya India, mara nyingi kipakiti huwa rahisi kwa mililita kuliko chupa. Kampuni inajua mteja wa chupa hatapiga hesabu, kwa sababu ameshaamini kwamba kubwa ni nafuu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na simu ya aina yoyote ina kikokotoo. Chukua bei, gawanya kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Unapata bei ya kilo. Ifanye mara moja kwa vitu vitano unavyonunua zaidi, andika majibu ndani ya mlango wa kabati, basi. Haina haja uifanye kila siku.

Huko Kawangware tulikutana na mama wa Gatina ambaye hufua nguo Lavington siku tatu kwa wiki. Tulimwonyesha hesabu yetu ya mafuta kwa furaha kidogo, kama watu waliogundua kitu. Akatutazama.

"Nyinyi watoto wa kampuni," akasema, "nikinunua lita nzima, itakaa siku ngapi?"

"Siku 20, mama, ukitumia kama kawaida."

"Itakaa saba. Wa jirani atakuja kuomba kidogo, nitamnyima vipi na chupa anaiona? Watoto watakaanga mayai. Ile ya 20 ikiisha, imeisha, tunalala."

Alikuwa amefanya hesabu ambayo sisi hatukuifanya. Kwake yeye kile kipimo kidogo ni kufuli. Anapoteza shilingi 70 kwa lita, ambayo kwa siku 20 ni 3.50 kwa siku, na kwa bei hiyo ananunua uhakika kwamba mafuta ya kesho yapo. Kwa mwaka ni kama 1,280. Si kidogo, lakini si wazimu pia. Tuliacha kumhubiria.

Tena kuna vitu ambavyo mtu wa mtaa hana hiari navyo kabisa. Ripoti ya maendeleo ya UNDP ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa Kibera walilipa maji, kwa kila lita, kati ya mara 5 na mara 10 ya bei iliyolipwa katika mitaa ya matajiri ya Nairobi hii hii. Mtungi wa lita 20 unaonekana bei rahisi kwa sababu ni sarafu chache tu. Hapo kupiga hesabu hakukusaidii, kwa sababu bomba la bei nafuu halijafika mlangoni kwako.

Basi pesa inavujia wapi?

Tukamwomba yule mama atuonyeshe jumbe za pesa kwenye simu yake za mwezi mmoja. Alikubali, na hapo ndipo tulinyamaza.

Analipwa 600 kwa simu kila siku ya kufua. Jioni anatoa 300 za chakula. Asubuhi anatoa zilizobaki, za nauli na mambo ya shule. Anaogopa kutoa zote usiku, na ana haki ya kuogopa. Tutatumia bei za M-Pesa zilizoanza Julai 2023, ushuru ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15, kwa sababu wengi wenu mnazijua. Mtandao wako unaweza kuwa na bei nyingine, na bei hubadilika, kwa hivyo angalia jedwali lililobandikwa kwa ajenti wako leo.

Kwenye jedwali hilo, kutoa 101 kwa ajenti ni 29. Kutoa 2,500 pia ni 29. Soma tena. Mtu anayetoa 101 analipa karibu asilimia 29 ya pesa yake. Anayetoa 2,500 analipa asilimia moja na kitu. Ukitoa 2,501, inaruka hadi 52.

Mama wetu hutoa mara mbili kila siku ya malipo: 58. Kwa siku tatu ni 174 kwa wiki, kutoka kwa mapato ya 1,800. Yaani karibu shilingi 10 katika kila 100 anayofua. Kwa wiki 52 ni 9,048. Weka hiyo kando ya 1,280 za mafuta uone ni gani ilistahili kutunyima usingizi.

Kwa nini hakuwahi kuiona? Kwa sababu 29 haina pakiti. Haikai rafuni na bei mbele. Inakatwa baada ya PIN, halafu ujumbe unaingia ukiwa umeshaanza kuhesabu noti. Sisi tulio kwenye biashara hii tunajua vizuri kwamba malipo yasiyoumiza hayahesabiwi. Watafiti wawili wa MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walionyesha hilo mwaka 2001 kwa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Waliotakiwa kulipa kwa kadi walitaja bei kubwa sana, zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kulipa taslimu. Tiketi ni zile zile. Simu si kadi, lakini kubonyeza namba nne si sawa na kutoa noti ya 200 na kuiona ikienda. Tunasema hivi tukijua ni nani anatulipa mshahara.

Kuna njia za kupunguza. Dukani, ukilipa kwa till hukatwi chochote. Mwenye duka ndiye hukatwa kidogo. Kutuma hadi 100 kwa mtu ni bure, kwa hivyo mama mboga wa sukuma ya 40 anaweza kutumiwa moja kwa moja. Ukifanya hivyo kwa vitu vya jioni, unabaki kutoa taslimu mara moja kwa wiki, na chini ya 2,500 ni ile 29 moja tu.

Kutuma kuna mchezo wake

Kwenye kutoa, kugawanya kunakuumiza. Kwenye kutuma, kwa jedwali hilo hilo, mara nyingine kugawanya kunakuokoa. Wengi hawajui.

Kutuma 600 kwa pamoja ni 13. Tuma 500, halafu 100: unalipa 7 kwa ya kwanza, ya pili ni bure. Kutuma 3,000 nyumbani ni 53. Ukituma 1,000 mara tatu ni 13 mara tatu, yaani 39. Umeokoa 14, bei ya andazi na chenji. Lakini ukigawanya 1,000 kuwa 500 mbili, unalipa 14 badala ya 13, kwa hivyo usifanye kwa mazoea. Jedwali lina ngazi, na kila ngazi ina mahali inaruka. Jua ngazi zako.

Hiyo bure ya hadi 100 pia ina historia. Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi 1,000 kusilipiwe. Ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Januari 2021 ada zilirudi, na kilichobaki ni bure ya hadi 100. Sisi wenyewe kwa miezi hiyo tulikuwa tunavunja kila malipo kuwa elfu elfu, hata pale ambapo kulipa mara moja kungetuokoa muda. Sifuri ina nguvu kuliko punguzo lolote. Ukiona "bure" kwenye bango, jua umeshavutwa nusu.

Ile ya "60 tu kwa siku"

Karibu na Makina tulisimama kwenye meza ya simu za lipa mdogo mdogo. Kijana alikuwa mchangamfu, bango lilikuwa safi, na bei ya jumla haikuwa popote. Mwaka 1998 John Gourville wa Harvard aliandika utafiti kuhusu mbinu hii: ukigawa bei kubwa kwa siku, mteja huilinganisha na chai au nauli badala ya kuilinganisha na mshahara.

Tuseme simu ni 15,000 taslimu. Kwa mkopo ni depozit ya 3,000, kisha 60 kwa siku kwa siku 365. Hiyo ni 21,900, jumla 24,900. Tofauti ni 9,900. Kama simu hiyo ndiyo itakuletea kazi ya boda au oda za nguo, 9,900 inaweza kuwa bei ya haki kwa mtu asiye na 15,000 leo. Kama ni ya kuangalia video, ni bei nyingine. Muulize muuzaji swali moja tu, "Jumla ni ngapi hadi nimalize?", na umwache akuandikie kwa karatasi. Huyu wetu alilijibu vizuri, ila ilibidi kwanza atafute kikokotoo.

Tulimrudia mama wa Gatina kabla ya kuondoka tumwonyeshe ile 9,048. Aliiangalia kwa muda mrefu. Akasema yeye huwaambia wale anaowafulia watume na ya kutoa. Wengine hutuma 629, wengine hujifanya hawajasoma ujumbe.

"Lakini ya kutoa ni moja," akasema, akirudisha simu kwenye leso. "Na mimi hutoa mara mbili."

Kisha akatuuliza duka la kona lina till namba gani, kwa sababu hakuwahi kuitazama.