Ukuta Mrefu Kwenye Mteremko wa Pemba: Namna ya Kuuombea Kibali

Pemba si kisiwa cha tambarare. Tofauti na sehemu kubwa ya Unguja, ardhi yake ni vilima na mabonde, na anayejenga Chake Chake au Wete mara nyingi hukata kilima upande mmoja na kujaza udongo upande wa pili. Nyumba inakaa chini ya barabara, au inalitazama paa la jirani kwa juu. Hapo ndipo shida ya ukuta inapoanza, kwa sababu kimo kinachotosha kwenye kiwanja tambarare, huku huuacha ua mzima wazi.

Tuchukue kiwanja kilicho mita 1.5 chini ya barabara. Ukuta wa mita 2 ukisimama mpakani utatokeza nusu mita tu juu ya usawa wa barabara. Mtu mzima akipita anaona jiko, kamba ya nguo, na mama mwenye nyumba aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Ili apate stara, mwenye nyumba atahitaji ukuta wa mita 3.5 ukipimwa kutoka uani. Ukuta huo huo, fundi akiupima kutoka barabarani, ni mita 2.

Ombi lote la kuongezewa kimo limesimama juu ya tofauti hiyo.

Afisa wa mipango hana haja ya kusikia kwamba mwombaji anapenda ukuta mrefu, au kwamba fulani wa mtaa wa pili anao. Anataka kujua kiwanja hiki kina nini ambacho viwanja vingine havina. Mawazo hayo ni ya zamani na yameenea. New York ilipopitisha kanuni zake za ujenzi wa mji mwaka 1916, iliunda pia bodi ya rufaa ya kuwasikiliza wenye viwanja ambao kanuni ya jumla inawabana kupita kiasi. Uingereza nako uzio unaozidi mita 2 huhitaji kibali, na ulio kando ya barabara ya magari huhitaji ukizidi mita 1. Na pale ardhi isipolingana, kipimo huanzia upande ulio juu. Mkaazi wa Pemba hawezi kuipeleka sheria ya Uingereza kwenye baraza la mji, lakini swali la kipimo kinaanzia wapi ni lake pia. Aliulize ofisini kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Hoja ya stara nayo ina mizizi ya kisheria. Majalla, sheria za madai za Dola ya Uthmaniya zilizoandikwa kati ya 1869 na 1876, zilihesabu kuonekana kwa mahali wanapokaa wanawake, kama jikoni, kisimani na uani, kuwa madhara makubwa yanayopaswa kuondolewa, hata kwa kujenga ukuta. Naitaja kwa sababu wengi huona haya kuiandika sababu hii kwenye barua, wakakimbilia kusema wezi. Iandikwe. Ni sababu ya kweli, na afisa wa Kizanzibari anaielewa.

Kwa Sheria Na. 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mwananchi ana haki ya kuitumia, kwa hiyo hati ya matumizi au karatasi za umiliki ndizo za kwanza kutafutwa. Lakini kabla ya ofisi yoyote, mwenye nyumba apige hodi kwa jirani. Aende na kamba na vigingi, amwoneshe mpaka na kimo, amwambie kivuli kitaangukia wapi na maji ya mvua yatatokea wapi. Jirani akiridhika, maandishi yafanywe mbele ya sheha. Ugomvi wa mpaka ukishaota ni mrefu. Zanzibar ilitunga Sheria Na. 7 ya 1994 kuunda chombo maalumu cha kuamua migogoro ya ardhi, na hakuna anayependa kufikishwa huko kwa ajili ya safu tatu za matofali.

Kinachobeba ombi zaidi ya maneno ni mchoro. Hautoshi ule unaoonesha kiwanja kwa juu. Unatakiwa wa kukata ubavuni, unaoonesha barabara, ukuta, ua na usawa wa jicho la mpita njia, kila kimo kwa mita. Picha mbili zilizopigwa kutoka barabarani, mtu akiwa amesimama uani, zinamaliza mjadala mwingi.

Mchoro huo uoneshe pia kwamba ukuta hautaanguka. Nguvu ya upepo ya kuupindua ukuta hukua kwa mraba wa kimo, hivyo ukuta wa mita 3 hupambana na mzigo mara 2.25 ya ule wa mita 2. Na unaozuia udongo wa barabara una kazi nzito zaidi, hasa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo unapolowa na kusukuma. Nguzo za zege zenye nondo, msingi mpana na matundu ya kutolea maji si mapambo. Sehemu ya juu ikijengwa kwa matofali ya matundu, upepo hupita na stara hubaki. Kwenye kona ya njia ukuta ushushwe, dereva amwone mtoto anayetoka skuli.

Ombi likikataliwa, mwombaji aombe sababu kwa maandishi na arudi na kimo kidogo zaidi, au na ukuta wa kawaida wenye ua wa miti juu ya tuta la ndani. Likikubaliwa, nakala ya kibali ikae kwa sheha na nyingine kwa fundi, na msingi usichimbwe kabla ya hapo.