SOMO LA 12: KUCHAGUA DARUBINI YA MWINDAJI

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba lenzi iliyobinuka hupinda miali ya nuru na kuikusanya mahali pamoja. Leo tutatazama chombo kinachotumia lenzi za namna hiyo, nacho ni darubini ya macho mawili. Mabaharia huitumia, askari wa wanyamapori huitumia, na mwindaji mwenye leseni hawezi kufanya kazi yake vyema bila hiyo.

Fikiri juu ya mwindaji aliyesimama kando ya mbuga wakati jua linakaribia kuzama. Umbali wa mita 400 kutoka kwake kuna nyati watano katika kivuli cha migunga. Leseni yake inamruhusu kuwinda nyati dume mmoja tu. Kama wangekuwa swala pala, kazi ingekuwa nyepesi, kwa maana swala pala dume peke yake ndiye mwenye pembe. Lakini nyati wote, madume na majike, wana pembe. Ili kuwatofautisha ni lazima mwindaji aone paji la uso. Pembe za dume aliyekomaa ni nene, nazo hukutana juu ya paji zikafanya kitu kama ngao ngumu. Pembe za jike ni nyembamba, wala hazifanyi ngao ya namna hiyo. Kwa macho matupu mwindaji wetu haoni ila maumbo meusi. Akipiga kwa kubahatisha, huenda akamwua jike mwenye ndama, na risasi ikishatoka hairudi. Akimjeruhi tu, nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu apitaye njia ile.

Nchini Tanzania uwindaji huruhusiwa kwa kibali tu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wala hauruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa kama Serengeti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977. Huko darubini huwafaa watalii na walinzi wa wanyama, nao huichagua kwa kanuni hizi hizi tutakazojifunza.

Tarakimu mbili

Itazame darubini yoyote. Karibu na lenzi za nyuma utaona maandishi kama 8x42, 10x25 au 10x50. Tarakimu ya kwanza hueleza darubini inakuza mara ngapi. Tarakimu ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji hupenda sana kusifu tarakimu ya kwanza. Ya pili aghalabu hawaitaji, na kumbe ndiyo yenye habari kubwa.

Tuanze na ile ya kwanza. Darubini inayokuza mara 8 humfanya nyati aliye mita 400 aonekane kana kwamba yuko mita 50, kwa sababu 400 ÷ 8 = 50. Inayokuza mara 10 humwonyesha kana kwamba yuko mita 40. Faida ni mita 10 tu. Na hasara je? Mikono ya binadamu haitulii kabisa hata akijitahidi. Darubini hukuza mnyama, na pamoja naye hukuza mtikisiko wa mikono. Aidha, kadiri inavyokuza zaidi ndivyo inavyoonyesha eneo dogo zaidi la mbuga, na mnyama anayetembea hupotea machoni upesi. Ndiyo maana watu wengi wanaoshika darubini kwa mikono mitupu huona vizuri zaidi kwa ile ya 8 kuliko kwa ile ya 10. Ukisikia mtu akinadi darubini ndogo ya mfukoni inayokuza mara 100, pita zako.

Jaribio la kwanza

Chukua karatasi yenye miraba ya sentimita moja. Chora duara lenye kipenyo cha milimita 50, na kando yake lingine lenye kipenyo cha milimita 25. Hesabu miraba iliyomo katika kila duara. Vipande vya miraba viunganishe upate miraba mizima. Duara kubwa lina karibu miraba 20, na dogo lina karibu miraba 5. Kipenyo kimekuwa mara mbili, lakini eneo limekuwa mara nne. Kwa hiyo lenzi ya milimita 50 huingiza nuru mara nne kuliko ile ya milimita 25. Mchana wa jua kali tofauti hiyo hutaiona. Wakati wa machweo utaiona sana, na wanyama wengi hutoka kula alfajiri na jioni.

Jaribio la pili

Shika darubini kwa mikono iliyonyooshwa, uielekeze dirishani, uzitazame lenzi za nyuma kutoka mbali. Utaona katika kila lenzi duara dogo la nuru. Hiyo ndiyo nuru yote itakayoingia jichoni mwako. Kipenyo cha duara hilo hupatikana kwa kugawanya tarakimu ya pili kwa ile ya kwanza. Kwa darubini ya 10x25 ni milimita 2.5. Kwa ile ya 8x42 ni milimita 5.25.

ONYO: Usilitazame jua kwa darubini hata mara moja. Lenzi zitakusanya nuru na joto lake ndani ya jicho, nawe utapofuka.

Sasa linganisha duara hilo na mboni ya jicho. Wakati wa mchana mboni hujifinya ikawa na kipenyo cha milimita 2 au 3. Katika giza mboni ya kijana hupanuka hadi kufikia kama milimita 7. Kwa hiyo mwenye darubini ya 10x25 huona vema saa sita mchana, lakini jioni mboni zake hufunguka bure, kwani nuru ya kuzijaza haipo. Mwindaji wetu aliye na 8x42 ataliona paji la nyati. Mboni za wazee hazipanuki kama za vijana, kwa hiyo mzee hana haja ya kubeba lenzi kubwa mno na nzito.

Ndani ya darubini

Ukitazama mbali kupitia lenzi mbili zilizobinuka, moja mbele ya nyingine, utaona picha iliyopinduliwa. Nyati angeonekana anatembea miguu juu! Ili kuirudisha sawa, vipande vya kioo viitwavyo prizimu huwekwa katikati. Mwitalia Ignazio Porro alivumbua mpango mmoja wa prizimu hizo mwaka 1854. Darubini za mpango wake hutambulika kwa mabega yake mapana. Nyingine zina mirija iliyonyooka. Hizi ni nyembamba na ni rahisi kuzibwa maji yasiingie, lakini prizimu zake hudai ufundi wa hali ya juu, na ufundi huo hulipiwa. Mwenye fedha kidogo atapata picha safi zaidi akinunua ile yenye mabega. Zinaonekana za kizamani, lakini nyati hajali.

Kuna jambo jingine lisiloonekana upesi. Uso wa kioo kitupu hurudisha karibu sehemu 4 katika kila sehemu 100 za nuru inayoufikia. Darubini yaweza kuwa na nyuso 10 au zaidi, na nuru ikipita nyuso 10 hivyo, karibu theluthi moja hupotea. Kwa sababu hiyo viwanda hupaka lenzi utando mwembamba sana unaopunguza hasara hiyo. Utazame mwanga wa taa katika lenzi ya mbele. Ukiakisiwa mweupe na mkali kama katika kioo cha dirisha, utando haupo. Ukiwa hafifu, wenye rangi ya kijani au zambarau, utando upo. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama kioo cha kujitazamia zimepakwa kwa ajili ya kuvutia mnunuzi.

Dukani

Darubini iliyotumika huweza kuwa nzuri na ya bei nafuu, lakini ikague. Itazame ndani kwa kuielekeza kwenye mwanga. Nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hupenda sana unyevu wa pwani. Kisha utazame ukingo wa paa la mbali kwa macho yote mawili. Ukiona kingo mbili, au macho yakiuma baada ya dakika chache, mirija haielekei mahali pamoja, pengine kwa sababu darubini ilianguka. Usiinunue hata ukipunguziwa bei. Zungusha gurudumu la katikati pia: liwe laini, lisilegee.

Usilipie uwezo wa kubadilisha ukuzaji, kwani katika darubini za bei ya chini uwezo huo huharibu picha. Lipia kwanza kioo chenye utando, kisha mirija isiyoingiza maji wala vumbi. Fedha ikibaki, nunua mkanda mpana wa shingoni.

Maswali

1. Tafuta kipenyo cha duara la nuru kwa darubini za 7x35, 8x30 na 10x50. Ipi itafaa zaidi wakati wa machweo?
2. Nyati yuko mita 560. Kwa darubini ya 8x42 ataonekana kana kwamba yuko umbali gani?
3. Simama, kisha usome kwa darubini maandishi yaliyo upande wa pili wa uwanja wa shule. Soma tena ukiwa umeketi, viwiko juu ya magoti. Eleza tofauti uliyoiona.
4. Mwindaji ana darubini ya 10x25, na giza limeanza kuingia. Anaona pembe, lakini paji la uso halioni. Afanye nini?