SOMO: Namba ya Mlangoni na Ramani ya Mji

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kamati nyingi hudhani ni la mainjinia: jinsi simu, kompyuta na takwimu zinavyobadili upangaji wa miji yetu. Siku hizi anayeamua mtaro upite wapi, bomba la maji lifike wapi au nani ahamishwe, huanza kwa kutazama ramani ndani ya kompyuta. Nyumba isiyokuwamo humo haipangiwi kitu.

Tuanze na vibao vya milangoni. Februari 2022 serikali ilianzisha operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima, ikitangulia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti mwaka huo. Barabara zilipewa majina na majengo yakapewa namba. Kata zina msimbo wa posta wa tarakimu 5, na misimbo ya Mkoa wa Lindi huanza na 65. Waliopita nyumba kwa nyumba waliingiza taarifa kwenye simu, pamoja na mahali jengo lilipo. Sensa ilipokamilika, Mkoa wa Lindi ulionekana kuwa na watu 1,194,028. Kwa hiyo mtu wa Kilwa Kivinje anaweza kumwelekeza dereva bila kusema "pita msikitini, kata kona kwenye mwembe", ingawa, tuseme kweli, mwembe haubanduki upesi kama kibao.

Lakini namba ya mlangoni haielezi maji ya mvua hufika wapi. Na hilo kwetu ni jambo zito. Januari 2020 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba katika Wilaya ya Kilwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama.

Tuwatazame wenzetu wa Dar es Salaam. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora ramani ya kata yao. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliohusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vikuu, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Vijana wakachora nyumba kwa kompyuta, kisha wakatembea mitaani na wenyeji kuandika mitaro, visima na zahanati. Wenyeji waliulizwa pia maji yalifika wapi: kifundoni, gotini au kiunoni? Ndege haiwezi kujibu swali hilo. Anayeweza ni bibi aliyepandisha magodoro juu ya kabati usiku ule. Ramani iliyopatikana iliwekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona bure na kuisahihisha.

Kilwa Kisiwani nako vipimo vimefika. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa miale ya leza, kuta zikahifadhiwa kwenye kompyuta kwa umbo lake kamili. Magofu hayo, yaliyo Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014. Ukuta uliopimwa vizuri huonyesha wazi kiasi ulichopungua. Familia zinazoishi bondeni zinastahili uangalifu huo huo.

Hata hivyo tusipokee kila kipimo kwa makofi. Ramani inayoonyesha hatari ya maji inaweza kuleta mtaro, na inaweza kuleta amri ya kuhama. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za mabondeni Dar es Salaam zilipelekwa Mabwepande, mbali na shughuli zao. Mpimaji akija, kamati iulize mapema: taarifa hizi ni za kazi gani, zitakaa kwa nani, na sisi tutapata nakala? Nasi tujiangalie. Orodha zetu za wajane na wagonjwa ni taarifa binafsi; sheria ya kuzilinda ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Zisizunguke kwenye makundi ya simu.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: picha ya kutoka angani hupata fedha kwa urahisi, lakini posho na viatu vya vijana wanaotembea mtaa kwa mtaa husahaulika. Tunaomba bajeti ianzie hapo.

Kazi ya kamati kabla ya mkutano ujao: mkae na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, pamoja na majirani Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, mwachukue na wazee wawili wanaokumbuka mvua za zamani. Chukueni karatasi kubwa. Choreni njia, visima, mitaro iliyoziba na mahali maji yalipofika mwaka 2020. Kisha fungueni ramani ya kwenye simu, mlinganishe, na mwandike kila nyumba inayokosekana.