Foklifti Ikianza Kupinduka, Usiruke

Foklifti inapoanza kulala upande, dereva hushikwa na hofu akataka kuruka nje. Wengi hufia hapo hapo, kwa kuangukiwa na paa la chuma lililowekwa kuwalinda. Kwenye foklifti ya kukalia, dereva abaki kitini na mkanda wake, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu, aegemee upande wa pili.

Kupinduka kwenyewe kunazuilika. Mzigo usafirishwe ukiwa chini, uma zikiwa sentimita 10 hadi 15 hivi kutoka sakafuni. Anayekata kona mzigo ukiwa juu anajitafutia balaa. Kwenye mteremko, mzigo ukae upande wa juu, hata kama italazimu kushuka kinyumenyume.

Waendao kwa miguu wajue kwamba magurudumu ya nyuma ndiyo yanayokata kona, hivyo mkia hufagia pembeni ghafla. Mtu asipite chini ya uma zilizoinuliwa.

Nchini Marekani, sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuendesha foklifti, na kila dereva hupimwa upya angalau kila baada ya miaka 3. Waajiri, msimkabidhi ufunguo kuli asiyefunzwa, hata siku makontena yakifurika.