Jahazi la Patipati: Somo kwa Vikundi vya Sanaa ya Taka

Vikundi vya vijana vinapoleta ofisini mapambo yaliyotengenezwa kwa taka, swali huwa lilelile: mbona hayanunuliwi?

Jibu moja liko Lamu. Mwaka 2018, mafundi wa huko walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kuvishwa patipati kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata lilisafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar.

Wengi huvutiwa na rangi zake. Msomaji, wewe tazama mkuku na mataruma. Plastiki iliyeyushwa ikatengenezwa mfano wa mbao, kisha fundi Ali Skanda na wenzake wakaichonga na kuiunganisha kwa ujuzi uleule wa majahazi ya mbao. Haikuwa rahisi. Plastiki hupinda, hutanuka kwenye joto, wala haina nyuzi kama za mti. Bila fundi wa vyombo, tani hizo 10 zingebaki rundo la taka, pengine lenye rangi nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kuokota, jiulizeni: fundi wetu ni nani? Huenda ni mshona viatu wa sokoni au seremala jirani. Hata miwani ya msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayoiunda kwa nyaya na vyuma vilivyotupwa, ajabu ilivyo, bado huvalika usoni.

Pili, tenganisheni. Geuza chombo utazame tarakimu ndani ya pembetatu. Namba 2, kama mitungi mingi ya mafuta ya kupikia, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Namba 1, yaani chupa za maji na soda, huhitaji zaidi ya nyuzi 240. Ukizichanganya hazishikani, na kiti chako kitavunjika mgeni akikikalia.

Tafadhali msiyeyushe plastiki kwenye jiko la nyumbani. Moshi wake una sumu. Wanaoanza watumie patipati, ambazo hazihitaji moto: zioshwe, zikauke, zibandikwe kwa gundi ya viatu mahali penye hewa, kisha zichongwe kwa kisu kikali.

Kazi ikikamilika, mpe jirani aitumie wiki nzima kabla hujaipeleka sokoni. Akiirudisha imebanduka, mrudie mshona viatu.