Mpandishaji Bei Kwenye Mnada wa Sarafu: Namna ya Kumtambua na Kumkwepa

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha. "Shikamoo Mjomba. Nimeipata ile ya Tabora!" Nikamuuliza amefika bei gani. "Dola 89." Nikanyamaza kidogo. Sarafu yenyewe ni heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya njano, iliyochakaa kama zilivyochakaa nyingi, na za hali ile mimi nimekuwa nikizinunua kwa dola 30 hadi 40. "Watu walikuwa wengi Mjomba, wanapandisha tu." Nikamwambia asilipe kwanza, anitumie picha ya historia ya madau.

Watu hawakuwa wengi. Walikuwa watatu, na mmoja aliishia dola 30. Kutoka hapo mpaka 89 walibaki wawili tu: yeye, na akaunti moja yenye maoni matatu, iliyopanda ngazi kwa ngazi kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi ya taa. Ilipokaribia kiwango cha mwisho cha mpwa wangu, ikaacha.

Huyo ndiye mpandishaji: anayeweka dau bila nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli apande. Anaweza kuwa muuzaji mwenyewe kwa akaunti ya pili, ndugu yake, au mfanyabiashara mwenzake wanayesaidiana leo kwako kesho kwangu. Aliyewahi kusimama kwenye mnada wa vyombo au mitumba siku ya soko anamjua. Yule kijana aliyetaja bei ya kwanza kwa sauti kubwa, ukirudi wiki ijayo unamkuta anashusha mizigo ya mnadi. Tofauti ni kwamba mtandaoni humwoni sura.

Sarafu za kwetu zinamfaa sana mtu wa namna hii. Pesa za Sayyid Barghash za 1299 Hijria, yaani 1882. Rupia ya Mombasa ya 1888 ya ile kampuni ya Waingereza. Heller za Wajerumani. Senti tano na kumi zenye tundu za 1936 zilizobeba jina la Edward wa Nane, mfalme ambaye hakufikisha mwaka kwenye kiti. Nyingi zimetawanyika Ulaya na Marekani, na anayezitaka analazimika kuzifuata kwenye minada ya mtandaoni. Soko lake ni dogo. Mara nyingi wanaoitaka sarafu moja wiki hiyo ni wawili au mmoja. Akiwa mmoja, sarafu inaondoka kwa bei ya kuanzia na muuzaji anaumia. Hapo ndipo anapoumbwa mnunuzi wa pili.

Ili umtambue, elewa kwanza anafanyaje kazi. Kwenye tovuti kama eBay huweki bei unayolipa. Unaweka kiwango chako cha juu kabisa, kinafichwa, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo kila anapotokea mwingine. Kati ya dola 25 na 100, ngazi ya eBay ni dola moja. Mpwa wangu aliweka kiwango cha 90. Kwa kuwa mpinzani wake wa kweli aliishia 30, bei iliyoonekana ilikuwa 31, na kama mnada ungefungwa pale angelipa 31. Kumbe kati ya 31 na 90 kulikuwa na dola 59 zake zilizolala zikisubiri mwizi. Mpandishaji akaweka 40, bei ikaruka 41. Akaweka 50, ikaenda 51. Kila dau lake lilijibiwa papo hapo na mfumo, na kila jibu lilimwambia kwamba mbele bado kuna nafasi.

Kuna ufundi mbaya zaidi, nao uko wazi kwenye historia ukijua unachotafuta. Mpandishaji anaweka dau kubwa makusudi, tuseme 100. Anaongoza, bei inaonyesha 91, na sasa anajua kiwango chako ni 90 kamili. Kisha analiondoa dau lake kwa kisingizio kwamba alikosea kuandika tarakimu. Bei inarudi chini. Baada ya dakika chache anaweka 88, wewe unaongoza kwa 89, naye anatoweka. Historia ya mpwa wangu ilikuwa hivyo hasa: dau lililoondolewa saa mbili usiku, na dau jipya la akaunti ileile dakika sita baadaye, dola mbili tu chini ya kiwango chake. Mtu aliyekosea tarakimu kweli hurudi na kuweka bei anayoitaka. Hawezi kujua kwa bahati mahali pa kusimama.

Basi fungua historia ya madau kila mara. Majina yamefichwa kwa nyota, lakini ukigusa jina la mshiriki eBay inakuonyesha muhtasari wa siku 30: ameshiriki minada mingapi, ameondoa madau mara ngapi, na asilimia ngapi ya madau yake yamekwenda kwa muuzaji huyuhuyu. Akaunti changa yenye asilimia 90 kwa muuzaji mmoja, na madau manne yaliyoondolewa ndani ya mwezi, inatosha kunitoa kwenye mnada.

Lakini hapa naomba tuwe waadilifu. Asilimia kubwa peke yake haimhukumu mtu. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilinunua kwa muuzaji mmoja wa Ujerumani anayeuza karibu heller na rupia pekee. Asiyenijua angeniita mshirika wake. Tofauti iko kwenye ushindi. Mnunuzi wa kweli hushinda baadhi ya minada na kushindwa mingine. Mpandishaji hushindwa karibu yote, na kwa dola moja au mbili. Tena huingia mapema, mnada ukiwa na siku tatu nne, kwa sababu anahitaji muda wa kukupapasa. Mkusanyaji anayeitaka sarafu kwa dhati huvizia sekunde za mwisho.

Na mara nyingine mpandishaji hushinda kwa bahati mbaya. Hapo sarafu hurudi sokoni, na sarafu ina alama kama binadamu alivyo na kovu. Heller 20 za Tabora zinasaidia mno katika hili. Ziligongwa mwaka 1916, wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa shaba iliyopatikana, na mara nyingi hata mapigo yake hayakukaa sawa. Upande mmoja kuna taji, mwaka na herufi DOA, kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani. Upande wa pili 20 HELLER ndani ya matawi, na ukikuza picha utaona kama ncha za herufi L zimejikunja au zimechongoka, kwa kuwa mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja. Ongeza mkwaruzo uliopita juu ya taji, doa jeusi karibu na ukingo, sehemu ambayo pigo halikufika. Hakuna mbili zinazofanana. Mimi huhifadhi picha ya kila sarafu niliyoikosa, na nimewahi kuiona moja ikiuzwa mara tatu ndani ya miezi miwili na muuzaji yuleyule, kila mara "imenunuliwa". Sarafu isiyoondoka nyumbani haijanunuliwa.

Dalili nyingine ni ile barua tamu ya siku ya pili: mshindi ameshindwa kulipa, je, ungependa kuichukua kwa dau lako la mwisho? eBay inaruhusu jambo hilo, na mara nyingine ni kweli mshindi amekimbia. Lakini kama mshindi huyo ndiye aliyekupandisha, dau lako la mwisho ni bei aliyoitengeneza yeye. Hesabu ungekuwa wapi bila madau yake, mjibu muuzaji kwa upole kwamba huichukui kwa bei hiyo, na subiri aiweke tena.

Sasa kujikinga. Dawa kubwa kuliko zote inanywewa kabla ya mnada, nayo ni kujua bei. Tafuta sarafu kama hiyo, ya hali hiyo, iliuzwa kiasi gani: kwenye kumbukumbu za Heritage Auctions ya Dallas, kwenye acsearch, tovuti ya bei za minada iliyopita, na kwenye orodha ya vitu vilivyokwishauzwa ya tovuti ya mnada wenyewe. Bei anazotaja muuzaji kwenye tangazo usizihesabu, maana kila mtu ana haki ya kuota. Na hata bei za mauzo zisome kwa tahadhari, kwa sababu moja kati yake yaweza kuwa imepandishwa vilevile. Ukikuta 32, 36, 35, 41 na 95, ile 95 iache. Andika kiwango chako kwenye karatasi, ukiwa umetoa gharama za posta na ushuru wa forodha, na kama ni nyumba ya mnada toa pia ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi. Sarafu uliyoipata kwa 100 hapo inakuwa 120 kabla haijapanda ndege.

Kisha weka dau moja, mara moja, sekunde chache kabla ya kufungwa, na liwe la tarakimu isiyo nzima, 41.37 badala ya 40. Mpandishaji anaishi kwa muda. Ukimnyima muda wa kukupapasa, hana pa kushika. Njia hii inafaa kwenye minada yenye saa maalumu ya kufungwa. Kwenye nyumba ambazo muda huongezwa kila dau jipya linapoingia haifai kitu, na hapo ngao yako ni ile karatasi tu. Ikipita kiwango ulichoandika, funga simu ukalale. Usijaribu kumkomoa mpandishaji kwa kumpandisha yeye: dau lako linakufunga, na akiacha ghafla mzigo ni wako.

Usichanganye mpandishaji na bei ya akiba. Muuzaji ana haki ya kusema sarafu haitoki chini ya kiasi fulani, na baadhi ya nyumba za mnada huweka madau kwa niaba yake hadi kufikia kiasi hicho, ilimradi masharti yao yanasema hivyo. Soma masharti. Kosa linaanza pale muuzaji anapojinunulia kwa siri.

Nalo ni kosa kisheria. Katika karibu majimbo yote ya Marekani, kifungu cha 2-328 cha sheria ya biashara kinampa mnunuzi haki ya kuvunja mauzo, au kuchukua kitu kwa bei ya dau la mwisho la nia njema, ikiwa mnadi alipokea kwa kujua dau la muuzaji bila kuwatangazia watu. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa inamruhusu mnunuzi kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai, na za Kenya na Tanzania zimerithi msingi huohuo kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Watu wameshtakiwa. Mwaka 2000 mchoro uliodhaniwa kuwa wa Richard Diebenkorn ulipandishwa kwenye eBay hadi zaidi ya dola 135,000. Ikagundulika muuzaji aliweka dau mwenyewe, mauzo yakafutwa, na uchunguzi ukafichua wenzake na majina yao mengi ya bandia, wakaishia mahakamani. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza muuzaji mmoja faini ya pauni 5,000 na saa 250 za kazi za jamii kwa kujiwekea madau kwenye vitu vyake mwenyewe.

Kwa hiyo ukishikwa, usione haya na usinyamaze. Piga picha ya historia yote ya madau, ukurasa wa mshiriki unayemshuku, tangazo lenyewe na picha za sarafu, siku hiyohiyo, kwa sababu kurasa hizo hazikai milele. Ripoti kwa tovuti kupitia kiungo cha kuripoti tangazo, ukieleza kwa mistari michache: akaunti ipi, dau lipi liliondolewa, saa ngapi, lipi likafuata. Usimtukane muuzaji wala usimwite mwizi hadharani; unaweza kuwa umekosea, na ukiwa sahihi unampa nafasi ya kufuta nyayo zake. Ukishinda mnada wenye harufu hiyo, ripoti kabla ya kulipa na usubiri tovuti ikwambie la kufanya. Kugoma kulipa bila maelezo kunachafua akaunti yako wewe.

Mpwa wangu alifanya hivyo. Mauzo yalifutwa baada ya siku nne. Miezi mitatu baadaye alipata heller nyingine kwa dola 37, nzuri kuliko ya kwanza, kwa dau moja la sekunde za mwisho. Wewe uliye na dau kwenye mnada wowote usiku huu, tafadhali, kabla hujaongeza hata dola moja, fungua historia uone unashindana na nani.