JUMATANO: Kilio Kilichookoa Maisha

Soma 2 Wafalme 4:38–41. Wana wa manabii walifanya nini walipotambua kwamba chakula chao kina sumu?

Ilikuwa wakati wa njaa. Mmoja wao alikwenda kondeni kuchuma mboga, akaleta matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia sufuriani. Hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, walioonja hawakunyamaza ili kumsitiri mwenzao, wala hawakusema kwamba chakula ni adimu. Walipiga kelele, na watu wakaacha kula.

Bidhaa inapoondolewa sokoni, kilio hicho husikika tena. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya liliagiza chapa tano za unga wa mahindi ziondolewe madukani kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hii hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Fikiria mwenye duka wa Moa anayefungua gunia na kukuta mahindi yameota ukungu. Mtaji wake umo humo. Akiyaanika, akayachanganya na mazuri na kuyasaga, nani atajua? Au mkulima aliyepulizia nyanya dawa jana, na leo gari la sokoni limefika. Mchumaji wa Gilgali hakujua, hawa wanajua.

Linganisha na Kutoka 21:28, 29. Kwa nini hukumu ya mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa ni nzito zaidi?

Mbele za Mungu, kujua hatari ni kupewa wajibu. Mahindi yale yasiuzwe, wala yasipewe kuku. Aitwe bwana afya. Nyanya zingoje siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Ni hasara, lakini hasara ya fedha hulipika.

Angalia pia mpangilio wa kisa: Elisha aliomba unga baada ya kilio, si kabla. Kuombea chakula hakuchukui nafasi ya kusema kweli juu yake.

Je, kuna jambo unalolijua kuhusu chakula unachouza au kugawa, ambalo mlaji angependa kuambiwa kabla hajala? Utamwambia lini?